Flashi Inayosema

Mimi kitu cha bure hunitia wasiwasi. Mtu akinipa kalamu bila kuniomba chochote, nitaigeuza juu chini nikitafuta kasoro, na nisipoiona nitaamini imejificha. Ndiyo maana shangazi aliponijia dukani akasema anataka kompyuta yenye mfumo wa uendeshaji usiouzwa, mfumo ambao watu wameutunga wakauacha mtandaoni auchukue yeyote, nilimweleza palepale kwamba huo ni utapeli, na kama si utapeli basi ni takataka.

"Marahaba," akanijibu.

Katika kuchachamaa kwangu nilikuwa nimesahau hata kumwamkia. Nikamwamkia, nikamvutia kiti, nikaanza upya kwa sauti ya chini.

Shangazi ni dada wa marehemu baba yangu, na kila ninachokijua kuhusu kibodi nilikipata kwenye vidole vyake. Alikuwa mpiga chapa wa siri katika ofisi kubwa, enzi za taipureta na baadaye za kompyuta. Wenzake walikaa ukumbi mmoja wakipiga soga juu ya kelele za mashine. Yeye alitengewa chumba chake, kwa sababu barua zilizopita mikononi mwake hazikutakiwa kuonwa na mtu. Nani anafukuzwa, nani anahamishwa, mkubwa gani anachunguzwa, yote aliyajua kabla ya wenyewe. Akirudi nyumbani alikula chakula cha jioni akizungumzia bei ya vitunguu. Baba alikuwa akimtania kwamba hata akiulizwa jina lake ataomba kwanza kibali cha mkuu wa idara.

Kisha macho yakaanza kufifia. Presha ya macho, daktari alisema, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Mwaka ule alipostaafu bado aliuona mwanga wa dirisha. Siku hizi haoni hata huo. Anaishi kwa dada yangu, katika nyumba hiyohiyo ambayo upande wake wa barabarani ndipo lilipo duka langu la fotokopi na kuchapa. Vidole vyake bado ni vyepesi kuliko vyangu. Kilichomtoka ni kusoma, na mtu asiyeweza kusoma, mambo yake yote hupitia kinywani mwa mtu mwingine.

Kinywa chenyewe kilikuwa cha dada yangu, ambaye sisi nduguze tunamwita Redio. Hana roho mbaya hata kidogo, ila sauti yake haijui kunong'ona. Ujumbe ukiingia kwenye simu ya shangazi, Redio huusoma uani, anaufafanua, anautia chumvi, na jirani anayefua upande wa pili wa ukuta anatoa maoni. Siku moja uliingia ujumbe wa mzee mmoja aliyefanya kazi na shangazi zamani, mzee aliyefiwa na mkewe. Ulikuwa ujumbe mpole, wa mtu aliyekaa akachagua maneno. Redio aliusoma mbele ya wageni kwa mbwembwe zote, wakaangua kicheko. Shangazi naye alitabasamu. Alipoulizwa mzee ajibiwe nini, alisema hakuna haja. Tangu siku hiyo kila ujumbe ukawa hauna haja ya kujibiwa, uwe wa mzee huyo, wa mwanawe aliye mbali au wa rafiki zake wa kazini. Watu wakasema mama wa watu uzee umemwingia, amejitenga. Hakuwa amejitenga. Alikuwa amekosa mahali pa kusemea neno lake likamfikia mlengwa tu.

Habari za mfumo huo alizipata kwa mwalimu mmoja asiyeona ambaye hukutana naye kliniki. Mwalimu alimwambia kwamba mfumo wenyewe unasema: unakusomea kilichoandikwa na unakutajia kila herufi unayoibonyeza. Tena, alimwambia, mtu asiyeona anaweza kuusakinisha kwa mikono yake mwenyewe toka hatua ya kwanza. Hilo la mwisho ndilo lililomnyanyua shangazi kutoka kitini kwake uani.

Nilimwambia asijisumbue. Nitausakinisha mimi, mambo ya mafundi ni ya mafundi, yeye atakuja kutumia tu.

"Ukiniwekea wewe," akasema, "neno la siri utalijua wewe."

Nikamwambia basi tujaribu, na ukweli ni kwamba nilikubali ili ajionee mwenyewe kuwa haiwezekani, suala life tuendelee na maisha.

Tulianza Jumamosi asubuhi. Katika chumba cha nyuma cha duka nilikuwa na kompyuta nzee iliyoliwa na virusi hadi ikagoma kuwaka. Hiyo ndiyo niliyomtengea. Ya kupakulia ilikuwa ile ya kwangu ya mezani mbele. Shangazi akakaa kando yangu, mikono mapajani, nami nikafungua tovuti ya hao wagawaji nikisubiri mtego. Nilijua utakuja: mahali pa kuandika namba ya simu, mahali pa kadi ya benki, lile dirisha linaloruka kukupongeza kwa kushinda kitu usichokicheza. Nikashuka ukurasa hadi chini. Hakukuwa na kitu. Ukurasa mweupe, maneno, na majina ya mafaili.

Shangazi akataka kujua mwenye mali ni nani. Nikamsomea. Hakuna mwenyewe, ni watu wa kujitolea, wametapakaa dunia nzima, wengine hawajawahi kuonana uso kwa uso, na kazi hiyo wameifanya miaka na miaka. Akafikiri kidogo, kisha akauliza wanakula nini. Nikamwambia hapo hawakuandika.

Nikachagua faili linaloendana na kompyuta ile nzee, nikabonyeza. Faili lenyewe lilikuwa zito kuliko kitu chochote nilichowahi kupakua pale dukani, na lilikuwa linatoka kwenye mashine ya chuo kikuu fulani ng'ambo, mji ambao jina lake nisingeweza kulitamka mbele ya mwenyeji. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Wateja waliokuja kutuma barua pepe wakalalamika intaneti imelala. Niliwaambia wavumilie, na nilipokuwa nikiwaambia hivyo nilikuwa nawaza: kuna mtambo unaunguruma huko baridini, sasa hivi, kwa ajili ya mama mmoja aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, na hakuna aliyemuuliza yeye ni nani. Wazo hilo lilinikera, maana lilikuwa linanilainisha.

Faili liliposhuka, ukurasa ukasema tusiliamini bado. Hilo nalo lilinishangaza, mgawaji wa bure anakuonya usimwamini. Kila faili lina msururu mrefu wa tarakimu na herufi, umeandikwa hapo mtandaoni. Unaiambia kompyuta yako ilipige hesabu faili ulilopakua, nayo inakupa msururu wake. Misururu miwili ikilingana, faili ni zima, halikuharibika njiani wala halikuchezewa na mtu. Nilimweleza shangazi kwamba hata ikipotea herufi moja katika faili zima, msururu unabadilika wote, hausalimiki.

"Wote?"

Nikamwambia wote. Akaweka kiganja juu ya meza, polepole. Kwa miaka yake yote ofisini, alisema, hofu yake ilikuwa hiyo: sifuri moja idondoke kwenye barua, mtu apoteze kiinua mgongo. Yeye na karani mmoja wa siri walisomeana kila ukurasa kwa sababu hiyo, mmoja anatamka rasimu, pamoja na mikato na nukta, mwenzake anafuata kwenye nakala safi. Na hawa watu wameitafutia dawa. Aliyasema hayo kwa heshima, kama anayemzungumzia mkubwa wa kazi aliyempita mbali.

Basi tukasomeana. Kwa kuwa nakala zote mbili zilikuwa machoni pangu, mimi nilikuwa msomaji na yeye akawa sikio: ninatamka alama nne za mtandaoni, kisha nne za kwenye kompyuta yetu, naye anasema sawa au simama.

Nikatamka, tatu, F, tisa, moja. Kisha, B, sifuri, nane, E.

"Simama," akasema shangazi.

Hazikulingana hata kwa bahati mbaya. Hapo ndipo nilipopata nafasi yangu. Nilisema sana. Nilisema nilijua, nilisema vya bure ndivyo vilivyo, nilisema hao wa kujitolea huenda walikuwa wanasinzia. Shangazi aliniacha nimalize, kisha akaniomba nilipakue tena, huenda umeme ulichezacheza. Nikalipakua tena huku nimenuna. Mstari wa kijani ukatambaa upya, wateja wakalalamika upya, mchana ukaingia na kupita, nikala mkate mkavu juu ya mashine ya fotokopi.

Liliposhuka mara ya pili nikalipiga hesabu, nikaanza kusoma ya kwenye kompyuta yetu kwanza. B, sifuri, nane, E.

Shangazi akageuza uso kwangu. "Hiyo ulinisomea asubuhi."

Nikamwambia ndiyo, na asubuhi haikulingana.

"Mafaili mawili yakaharibika njiani kwa mtindo uleule mmoja?" Akatikisa kichwa. "Faili ni zima. Umeruka mstari, mwanangu."

Nikarudi kwenye ukurasa. Mistari ilikuwa imebanana, majina ya mafaili yanafanana kama mapacha, na kweli, asubuhi nilikuwa nimesoma msururu wa faili la jirani, la kompyuta za aina nyingine kabisa. Ugonjwa wa wapiga chapa: jicho linatoka pembeni mwa mstari linarudi kwenye mstari wa juu. Mwanagenzi wa wiki ya kwanza huchapwa rula vidoleni kwa kosa hilo. Shangazi alicheka mpaka akatoa leso. Nami, baada ya kununa kidogo kwa ajili ya heshima yangu, nikacheka pia. Nikabandika karatasi kwenye kioo cha kompyuta chini ya mstari sahihi, tukasomeana hadi mwisho. Sawa. Sawa. Sawa. Kundi baada ya kundi, yale waliyoyaandika watu wasiotujua na yale yaliyohesabiwa na kompyuta yangu ya dukani, hayakupishana popote. Nilihisi kama nimekabidhiwa mzigo mkononi na mtu aliyesafiri nao mbali bila kuufungua.

Flashi ya kuubebea mfumo nayo ina siri yake. Ukinakili faili hilo kama unavyonakili nyimbo, kompyuta italiona kama wimbo na kulipita. Lazima utumie programu inayoiandika flashi yote upya, toka mwanzo wake, hadi flashi yenyewe igeuke kuwa kitu cha kuwashia mashine. Nilifuata maelekezo neno kwa neno, safari hii na rula. Ilipomaliza, nikaichomoa nikampa shangazi. Aliipapasa, akaigeuza, akaipima uzito kwenye kiganja.

"Wote wamo humu?" akauliza. Alikuwa anawaulizia wale watu wa kujitolea.

Tukahamia chumba cha nyuma. Niliondoa rundo la katriji tupu kwenye meza, nikaunga kioo, nikaleta spika ndogo za mbele, nikachomeka waya. Shangazi akapanga vidole kwenye kibodi, akapata vile vijinundu viwili vya katikati vinavyomwonyesha mtu yuko wapi, akanyoosha mgongo. Sijawahi kumwona amekaa hivyo tangu astaafu. Akachomeka flashi mwenyewe. Mimi kazi yangu ilikuwa moja, kuiambia mashine iwakie kwenye flashi badala ya ubongo wake wa zamani. Mwalimu alikuwa amemweleza kinachofuata: bonyeza S, kisha Enter, usikilize.

Nikamwambia tayari. Akabonyeza S, akabonyeza Enter.

Kioo kikawa cheusi, maandishi yakakimbia, yakatulia. Swali likasimama pale, limeorodheshwa kwa namba, safi kabisa. Lakini chumba kilikuwa kimya. Shangazi aliinamisha kichwa upande mmoja akisubiri. Nilisikia feni ya mashine na pikipiki ikipita nje. Akasubiri tena. Nilimwona usoni tumaini likianza kujikunja, na sikuweza kuvumilia.

"Shangazi, ngoja nikusomee. Ni swali dogo tu, inauliza lugha."

Akaondoa mikono kwenye kibodi, akairudisha mapajani.

"Nimesomewa vya kutosha, mwanangu," akasema. "Nasomewa dawa zangu. Nasomewa ujumbe wangu, watu wakicheka. Nikitaka kumwambia mwanangu nimemkumbuka, lazima nimwambie kwanza Redio kwamba nimemkumbuka. Kama hii nayo haitasema na mimi mwenyewe, basi izime. Sitakulaumu."

Hakupaza sauti. Nilijiona nimemfanyia hisani, nimempa kompyuta, nimempa siku yangu, na mkono wangu wa kwanza kuunyoosha ulikuwa wa kumnyang'anya kilekile alichokuja kukitafuta. Niliona aibu, na nilimhurumia kwa namna ambayo sikuwahi kumhurumia hata siku macho yalipozimika.

Nikapiga magoti nyuma ya meza ili nifanye chochote kile, hata kama ni kufuta vumbi. Na huko nyuma nikaona. Mashine ina matundu mawili yaliyopakana, moja la spika na jingine la maikrofoni, na mimi fundi, mwenye bango barabarani, nilikuwa nimeuchomeka waya wa spika kwenye tundu la maikrofoni. Mashine ilikuwa imesema. Ilikuwa imesema tangu mwanzo, hakukuwa na mdomo wa kutokea. Nikahamisha waya, nikaizima, nikamwomba shangazi tujaribu mara moja tu. Alikaa kidogo kabla ya kurudisha vidole.

S. Enter.

Ikaja sauti. Ilikuwa sauti kavu ya kiume, isiyovuta pumzi, Kiingereza kilichopitishwa kwenye bomba. Ilikuwa mbaya, na sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile. Ikamwambia shangazi kwamba achague lugha. Ikaanza kumhesabia, namba na jina, namba na jina, bila haraka, bila kuchoka. Shangazi alikuwa amefungua mdomo kidogo. Lugha hiyo aliipigia chapa maisha yake yote ya kazi, hakuhitaji mkalimani. Akabonyeza namba, sauti ikamtajia namba aliyoibonyeza. Akabonyeza Enter. Ikamshukuru kwa namna yake, kwa kumuuliza swali linalofuata.

Nilibaki nimesimama katikati ya chumba na kitambaa cha vumbi mkononi. Mashine ile wakati huo ilikuwa haijui kitu. Haikujua iko nchi gani, haikujua saa, haikujua jina la mwenyewe, haikuwa na hata sehemu ya kuhifadhi chochote. Jambo la kwanza kabisa walilolitia ndani yake, kabla ya hayo yote, ni kwamba huenda aliyekaa mbele yake haoni. Kuna mtu mahali fulani alikaa, pengine na chai imepoa pembeni, akajiuliza: je, huyo ataingiaje? Hakumjua shangazi yangu. Hatamjua kamwe. Hakusubiri aombwe, hakumwekea kidirisha cha msaada nyuma ya nyumba baada ya wengine wote kuingia. Alimwekea sauti mlangoni. Nilijifikiria mwenyewe, ninayemjua shangazi tangu nizaliwe, ambaye kwa miaka yote hii nilidhani msaada ni kumsomea kwa sauti ndogo kuliko ya Redio.

Maswali yaliendelea. Saa za wapi. Jina la mashine. Aliipa jina akalibonyeza haraka, nami sikulisikia vizuri. Kisha sauti ikaomba neno la siri, na shangazi akaacha kuandika.

"Geuka ukutani," akaniambia.

Nikamkumbusha kwamba kwenye kioo zinatokea nyota tu.

"Vidole vyangu wewe unavijua."

Kweli ninavijua. Nikageuka, nikatazama kalenda ya mwaka uliopita. Nyuma yangu vidole vilikimbia, vikanyamaza. Sauti ikamwomba alirudie kwa uhakika. Vikakimbia tena, kwa mwendo uleule. Lilikuwa neno refu. Nilisikia akivuta pumzi ndefu akaishusha, na kwa namna alivyoishusha nilijua kwamba tayari kuna kitu kimoja duniani ambacho ni chake peke yake.

Kusakinisha kulichukua muda, na muda wote sauti ilikuwa ikimtajia imefika wapi. Nilimletea chai. Aliinywa akiwa anaitikia kwa kichwa, kama anayesimuliwa safari. Mwisho ikamwambia achomoe flashi, kazi imekwisha. Mashine ikajizima, ikawaka kwa miguu yake yenyewe, na kabla sijauliza sasa itakuwaje, ile sauti ikarudi. Mfumo ulikuwa umekumbuka kwamba aliyeusakinisha aliusakinisha kwa masikio. Hakuna aliyeuambia.

Tukatafuta kama una Kiswahili. Unacho. Ni Kiswahili cha mtu mwenye mafua aliyelazimishwa kusoma hotuba, kila neno linatua palepale kwa kishindo kilekile. Shangazi alisikiliza, akasema anafanana na mkuu wao wa idara, ila huyu anajibu ukimuuliza. Akafungua ukurasa mtupu. Akaandika neno moja, mashine ikalisoma. Akafuta, mashine ikamtajia kila herufi iliyokuwa inatoka. Aliguna. Kisha akaniuliza kama nina hedifoni.

Ninazo za wateja. Nikazifuta, nikamvalisha, nikaziunga kwenye tundu sahihi nililolikagua mara mbili. Ile sauti kavu ikapotea chumbani ghafla. Nilijikuta naikosa. Shangazi alisogeza hedifoni moja nyuma ya sikio ili anisikie.

"Zima kioo," akasema.

Sikuelewa. Nikamwambia kioo hakimsumbui, yeye hakioni.

"Mimi sikioni. Nyie mnakiona."

Nikazima kioo. Akarudisha hedifoni sikioni, akapanga vidole, akaanza. Nimefanya kazi ya kuchapa maisha yangu yote ya utu uzima, na sijawahi kuona mtu akiandika hivyo. Mbele yake palikuwa na kioo cheusi kinachoakisi taa ya chumba. Aliandika mbio, akasimama akisikiliza, akarudi nyuma akafuta, akaandika tena. Mahali fulani alicheka peke yake, kicheko kifupi cha msichana. Baadaye kidogo akaacha kucheka, midomo ikamtetemeka, lakini vidole havikusimama. Sikujua ni kwa mwanawe au ni kwa yule mzee, au ni kwa mtu ambaye sisi wote hatujawahi kumsikia. Nilikuwa nimesimama umbali wa mkono mmoja.

Mlango wa mbele uligongwa. Alikuwa mama mmoja wa jirani, yule wa upande wa pili wa ukuta wa uani, amekuja kutoa kopi. Nilipokuwa nampangia karatasi alichungulia chumba cha nyuma, akamwona shangazi, kioo cheusi, hedifoni, vidole vinavyokwenda. Akaniuliza shangazi anaandika nini pale.

"Sijui," nikamwambia.

Aliniangalia akidhani nimemnyima habari. Sikuwa nimemnyima. Alisubiri niongeze neno, nikabonyeza mashine, kopi zake zikaanza kutoka.